Madini yaliyomo kwenye ubuyu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nasindika ubuyu Dodoma, na karibu kila mteja akishauliza bei huwa na swali la pili: una nini ndani? Wengine wamesoma kwenye simu kwamba ubuyu unashinda maziwa, wengine wameambiwa unaongeza damu, wengine wamekatazwa hospitali. Nimeyakusanya maswali yanayorudi mara nyingi. Viwango vya madini humu ni vya gramu 100 za unga mkavu wa ubuyu usio na mbegu, isipokuwa pale nilipotaja vingine.

## Kwanza tuelewane

1. Mbuyu, buyu, ubuyu: tunazungumzia kipi?

Mbuyu ni mti. Kitaalamu unaitwa *Adansonia digitata*, jina lililotokana na Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza akiwa Senegal katika karne ya 18. Buyu ni tunda zima, lenye ganda gumu linaloteleza mkononi kama mahameli. Ukilipasua unakuta mbegu nyeusi zilizovikwa nyama nyeupe inayovunjika kama chaki, na katikati nyuzi nyekundu zinazozishikilia. Nyama hiyo nyeupe ndiyo ubuyu.

Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni kwamba tunda hili hukaukia mtini. Embe au chungwa linachumwa likiwa limejaa maji, lakini buyu linadondoka likiwa na unga tayari. Sifa nyingi zinazotangazwa juu ya ubuyu, za kweli na za kupita kiasi, zinatokana na ukavu huo. Ufafanuzi uko kwenye swali la 5 na la 6.

2. Ubuyu una madini gani, na kiasi gani?

Potasiamu ndiyo inayoongoza: kwa kawaida kuanzia miligramu 1,200 hivi, na sampuli nyingine huvuka 2,000. Kalsiamu huzunguka miligramu 300. Magnesiamu iko kati ya 90 na 200. Fosforasi ipo, ila si nyingi, mara nyingi haifiki mbali na 100. Madini ya chuma yanayumba sana, kutoka miligramu 1 hadi 9, na zinki ni kidogo. Sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, ni ndogo mno.

Vitamini C si madini, lakini lazima niitaje kwa sababu bila hiyo habari ya chuma haieleweki. Ubuyu una miligramu 150 hadi 500, wakati chungwa lina 50 hivi.

3. Mbona kila ninaposoma nakuta takwimu tofauti?

Kwa sababu miti inatofautiana. Mbuyu haupandwi shambani kwa mbegu moja iliyochaguliwa. Kila mti umeota ulipoota na kunywa kutoka kwenye udongo wake. Buyu la Mpwapwa na la Kilifi halilazimiki kufanana, na hata miti miwili ya kijiji kimoja inaweza kupishana. Unyevu wa unga siku ya kupima nao unabadilisha hesabu, maana unga uliovuta maji unaonyesha madini machache kwa gramu ileile.

Sababu nyingine ni uchafu. Tunda lililopasukia chini hubeba vumbi, na vumbi la huku kwetu ni jekundu kwa sababu lina chuma. Ukiona ripoti yenye chuma kingi ajabu, usishangilie kabla ya kusoma swali la 21.

4. Kwenye cheti cha maabara kuna neno "majivu". Kuna jivu kwenye ubuyu wangu?

Hakuna aliyekuwekea jivu. Fundi wa maabara anapima unga kwenye kikombe kidogo cha kauri, anauingiza kwenye tanuru la nyuzi joto 550 hivi, na kila kilichotokana na uhai wa mmea, yaani sukari, nyuzinyuzi na protini, kinaungua na kuondoka. Kinachobaki chini ya kikombe ni majivu meupe au ya kijivu. Hayo ndiyo madini yote kwa jumla. Kwa ubuyu ni takriban asilimia 5.

Baadaye majivu huyeyushwa kwa asidi ili kila madini yapimwe peke yake. Kwa hiyo mstari wa majivu unakuambia madini ni mengi kiasi gani kwa ujumla, lakini haukuambii ni yapi. Hata mchanga huhesabika humo.

## Ulinganisho unaosikika mitaani

5. Ni kweli ubuyu una kalsiamu nyingi kuliko maziwa?

Kwa gramu 100 kwa gramu 100, ndiyo: ubuyu 300 hivi, maziwa ya ng'ombe 120 hivi. Hesabu ni sahihi. Ila inamdanganya mtu, na ningependa wauzaji wenzangu tuache kuiandika hivyo.

Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa, na mtu hunywa kikombe kizima bila taabu. Kikombe cha mililita 250 kinampa miligramu 300 za kalsiamu. Ili uipate hiyohiyo kwenye ubuyu, unahitaji gramu 100 za unga, vijiko zaidi ya kumi. Nani anakula vijiko kumi vya ubuyu kwa mpigo? Ukiula mkavu utakushika tumbo, kwa juisi itakuwa nzito kama uji. Tukilinganisha kikavu kwa kikavu, maziwa ya unga yanaupita ubuyu kwa mbali, na dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao wanaupita zaidi.

Hii haina maana kwamba kalsiamu ya ubuyu ni bure. Matunda mengi hayana kalsiamu ya kuhesabika kabisa, ubuyu unayo. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao maziwa yanaonekana siku ya sikukuu, vijiko viwili kwenye uji wa kila asubuhi vina maana yake.

6. Na potasiamu, inazidi ya ndizi?

Ndizi mbivu ina miligramu 360 hivi kwa gramu 100, kwa hiyo kwa macho ubuyu unaizidi mara tatu na zaidi. Lakini robo tatu ya ndizi ni maji. Ukiyatoa hayo maji, ndizi na ubuyu vinakaribiana.

7. Basi kijiko kimoja kinanipa nini hasa?

Kijiko cha chakula cha unga, kilichosawazishwa juu, kina gramu 7 hadi 10. Tuchukue vijiko viwili vikubwa, gramu 20, kiasi cha glasi moja nzuri ya juisi. Unapata takriban:

- kalsiamu miligramu 60, wakati mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku;
- potasiamu miligramu 240 au zaidi, katika 3,510 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza zisipungue;
- magnesiamu miligramu 20 hadi 40;
- chuma, kwa kawaida chini ya miligramu 2.

Huo ndio ukubwa wake wa kweli. Ubuyu unasaidiana na chakula kingine, kama mchicha na maharage vinavyosaidiana kwenye sahani moja.

## Damu na madini ya chuma

8. Ubuyu unaongeza damu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na akina mama, na nalijibu polepole.

Chuma cha ubuyu wenyewe si kingi, na ni chuma cha mmea, ambacho utumbo huchukua kwa shida kuliko kile cha nyama, maini au samaki. Ukiishia hapo utasema ubuyu haufai. Lakini vitamini C iliyomo hubadilisha chuma cha mmea kikawa katika hali ambayo utumbo unaweza kukivuta, mradi vikutane tumboni wakati mmoja. Kwa hiyo kazi kubwa ya ubuyu kwenye damu ni kufungulia mlango chuma cha chakula kingine: maharage, kunde, mchicha, matembele, ulezi.

Pia, upungufu wa damu hauletwi na chakula peke yake. Malaria, minyoo, hedhi nzito na selimundu vyote vinamaliza damu. Mtu anayechoka kupanda ngazi, mwenye kope nyeupe kwa ndani, aende akapimwe. Asikae nyumbani anakunywa juisi kwa miezi mitatu akisubiri.

9. Niule saa ngapi na pamoja na nini?

Pamoja na mlo, si saa mbili baadaye. Juisi ya ubuyu ya maji kando ya ugali na maharage ni mpango mzuri sana. Chai ya rangi na kahawa ziache mpaka saa moja au mbili baada ya kula, kwa sababu tanini zake hukamata chuma na kukizuia kisiingie mwilini. Kama lengo lako ni damu, tumia ubuyu wa maji badala ya ule wa maziwa, maana kalsiamu nyingi kwenye mlo nayo hupunguza uvutaji wa chuma. Kama lengo lako ni mifupa, weka maziwa.

10. Ni mjamzito na nina hamu ya ubuyu na udongo. Vyote ni sawa?

Hapana, dada yangu, si sawa. Ubuyu ni chakula. Kula kwa kiasi, ule mweupe usio na sukari ukiupata. Udongo wa kula, pemba kama wengine wanavyouita, unaweza kukamata chuma tumboni na kukipitisha nje, na unaweza kubeba mayai ya minyoo. Hamu ya udongo yenyewe mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie mkunga kliniki, usimfiche. Nimeona wajawazito waliofaulu kuacha udongo kwa kumumunya ubuyu mweupe kila hamu inapopanda, kwa sababu ile hali ya unga mkavu mdomoni inafanana.

Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa endelea kuvimeza. Ubuyu hauchukui nafasi yake. Kuvimeza kwa juisi ya ubuyu isiyo na maziwa hakuna ubaya.

## Jikoni

11. Nikichemsha ubuyu madini yanakufa?

Madini hayafi kwa moto. Kama yanavumilia tanuru la swali la 4, yatavumilia jiko lako. Kinachoharibika ni vitamini C, na ikiondoka, ile faida ya swali la 8 inapungua nayo. Kwa hiyo loweka kwa maji ya uvuguvugu, koroga, chuja. Kwenye uji, tia ubuyu baada ya kuepua.

Hasara kubwa ya madini hutokea kwenye chujio. Ukiloweka ubuyu wenye mbegu na kukoroga mara moja, mbegu hutoka bado zimevaa nyama. Zirudishie maji kidogo, zisugue kwa mkono mpaka ziwe nyeusi zinang'aa, ndipo uzitoe. Maji hayo ya pili ni mazito na matamu; yachanganye na ya kwanza.

12. Nitumie sufuria gani?

Ubuyu ni mchachu, na uchachu unakula alumini. Usiulaze usiku kucha kwenye sufuria ya alumini au ya shaba. Bakuli la kioo, la udongo uliochomwa vizuri, la enameli lisilobanduka au la chuma kisichoshika kutu ndilo linalofaa.

13. Nikichanganya na maziwa yanakatika. Nimekosea wapi?

Asidi inagandisha protini ya maziwa. Hayajaharibika na madini yake yapo palepale. Ili yasikatike, baridisha vyote viwili, kisha mimina ubuyu kwenye maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Tui la nazi linavumilia zaidi.

14. Ubuyu mwekundu wa Zanzibar una madini yaleyale?

Nyama iliyoshika mbegu ni ileile, ila imevikwa sharubati ya sukari iliyochemshwa pamoja na rangi, hiliki, vanila, chumvi na pilipili kidogo. Kwa uzito, unachokula mdomoni kwa sehemu kubwa ni sukari, na mbegu unaitema. Vitamini C nayo imepita motoni. Ni utamu wa utotoni na mimi naupenda. Mombasa wanauita mabuyu na watoto wanatoka nao shuleni midomo myekundu. Lakini usiule kama dawa, na usidhani wekundu wake una uhusiano na damu. Wekundu ni rangi ya kupikia. Nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha kopo la rangi ya chakula anayotumia.

15. Unga wangu umegeuka kahawia. Niutupe?

Kama haunuki uvundo na hauna ukungu wala wadudu, madini yote bado yapo. Rangi imebadilika kwa sababu umevuta unyevu na kukaa, na vitamini C imeshuka. Ukiwa na mabonge yenye madoa ya kijani au meusi, tupa. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga kabisa, mbali na mwanga.

## Sehemu nyingine za mti

16. Mbegu nazo zina madini?

Zina mengi, hasa fosforasi na magnesiamu, pamoja na protini na mafuta. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanajua hili kwa vitendo: hutwanga mbegu pamoja na nyama yake na kuzila, hawazitemi kama sisi. Kwingine hukaangwa na kusagwa kama kahawa.

Tatizo la mbegu mbichi ni fitati na tanini, vinavyofunga madini yasichukuliwe na mwili. Kuloweka, kuchachusha na kukaanga kunazipunguza. Mbegu unazozimeza nzima kwa bahati mbaya hazikupi kitu, zinapita zilivyo.

17. Na majani?

Kwa kalsiamu, majani makavu ya mbuyu yanaiacha mbali nyama ya tunda. Sampuli nyingi huvuka miligramu 1,000, nyingine hufika 2,000. Wahausa wa Nigeria huyakausha, huyasaga na kupikia mchuzi wa kuteleza uitwao *miyan kuka*. Huku kwetu tunayaacha yadondoke. Nasikitika kila msimu ninapoyaona yakifagiliwa chini ya miti, kwenye vijiji ambako mboga za kiangazi ni shida.

## Nani awe mwangalifu

18. Nina tatizo la figo. Nimeambiwa niache ubuyu. Kwa nini?

Kwa sababu ya potasiamu. Figo zilizochoka zinashindwa kuitoa, inajaa kwenye damu, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Kilichoandikwa kwenye swali la 2 kama sifa, kwako ni hatari. Msikilize daktari wako, wala usikubali neno la muuzaji, hata la kwangu.

19. Nina presha. Ubuyu unanifaa?

Kwa mwenye figo nzima, chakula chenye potasiamu nyingi na sodiamu kidogo ni rafiki wa presha. Lakini ukiwa unameza lisinopril, losartan au spironolactone, dawa hizo zinabakiza potasiamu mwilini. Glasi moja na chakula ni jambo moja. Vijiko vitano kila siku ni jambo lingine, na hilo muulize daktari kwanza. Usiache dawa. Mwenye kisukari ahesabu sukari anayotia kwenye juisi, kwani hapo ndipo penye shida.

20. Mtoto aanze lini?

Akishaanza kula vyakula vya nyongeza, miezi sita, kijiko cha chai cha unga uliochekechwa kinaweza kuingia kwenye uji uliopoa. Mbegu asipewe mpaka awe na umri wa kumumunya na kutema bila kuambiwa, maana zinateleza kooni. Na usimwache achezee unga mkavu, ukivutwa puani unakaba.

## Kwa wanaosindika na kuuza

21. Maabara imenipa chuma kingi kuliko vitabu vyote. Nitangaze?

Kabla ya kutangaza, chukua sumaku yenye nguvu, ivike mfuko wa nailoni, na uizungushe taratibu ndani ya kilo mbili za unga wako. Itoe uitazame kwenye mwanga. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta vindevu vyeusi vimesimama kwenye nailoni kama manyoya ya kiwavi. Ilikuwa vyuma vya mashine iliyokuwa inanisagia, nyundo zake zilikuwa zimekwisha. Maabara ilikuwa imepima sawasawa, ilipima kinu.

Chuma cha namna hiyo hakimfai mteja. Badilisha nyundo na chekeche, weka sumaku mdomoni pa mashine, na kabla ya hapo osha na kausha mabuyu ukiwa hujayapasua, ili vumbi lisiingie pamoja na nyama.

22. Naweza kuandika "tajiri wa kalsiamu" kwenye pakiti?

Andika kiasi kilichopimwa kwenye ubuyu wako, kwa gramu 100 na kwa kijiko, yote mawili. Usinakili lebo ya mwenzako. Maneno ya sifa kama "tajiri" au "chanzo cha" yana viwango vyake, kwa hiyo waulize shirika la viwango, yaani TBS, au KEBS kwa walioko Kenya, kabla ya kuchapa lebo elfu tano. Maneno "hutibu" na "huponya" yasionekane kabisa.

23. Nje ya Afrika unaruhusiwa?

Ndiyo. Umoja wa Ulaya uliruhusu nyama kavu ya ubuyu kama chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009 kwa matumizi kama vinywaji vya matunda. Ruhusa hizo ni za nyama. Mbegu na majani hazimo.

24. Mnunuzi anataka cheti cha madini. Nichukue sampuli vipi?

Usichote juu ya gunia moja zuri. Ingiza bomba la kuchotea kwenye magunia kadhaa, juu, katikati na chini, changanya kwenye beseni safi la plastiki, gawa mafungu manne, toa mawili yanayotazamana, changanya tena, mpaka ubaki na nusu kilo. Igawe kwenye mifuko miwili inayofunga. Mmoja upeleke maabara, mwingine uubakize kwa siku ya ubishi. Andika kijiji, mwezi wa kuokota na namba ya shehena juu ya mifuko yote miwili. Omba unyevu upimwe pamoja na madini, la sivyo, kwa sababu iliyo kwenye swali la 3, mnunuzi akipima kwake atapata namba nyingine na hutakuwa na cha kumjibu.